Chupa Iliyokwenda kwa Mzee Ngazi

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, mambo yalikuwa hivi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Kidoti, na nakaa meza ya wateja katika kampuni inayouza rangi za nyumba. Kazi nilitafutiwa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mkuu wa mauzo pale. Elimu ya ofisi niliipata darasa la jioni, Kidoti akiwa mgongoni. Wale mlionicheka niliposema nilijifunza kupanga mafaili huku nikinyonyesha, nimewasamehe.

Niliwaacha kikaoni. Bosi alitaka kila mteja apelekewe zawadi ya mwisho wa mwaka. Wifi akasema iwe chupa ya mvinyo. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikanyoosha mkono.

Laiti ningeushusha.

"Bosi," nilisema, "si kila nyumba chupa inaingia kwa heri."

"Haya, mhubiri wetu amefika," wifi akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi ghalani. Watu wakacheka.

Kisha akageuka kwa Bosi. "Kalenda kila kampuni inatoa. Mteja anatundika ya benki, ya kwetu anafungia misumari. Lakini chupa? Akiifungua na rafiki zake, jina letu liko katikati ya meza."

"Na asiyekunywa?" nikauliza.

"Atampa jirani. Jirani naye ni mteja wa kesho."

"Na aliyewahi kunywa, akaacha?"

Kicheko kikakatika. Bosi akanitazama juu ya miwani.

"Unamsema nani?"

"Simsemi mtu, Bosi. Nauliza tu."

Nilihisi masikio yanawaka. Bosi akachezea kalamu yake, halafu akasema, "Ni kweli, wateja wetu wanashinda wakinusa tina ya kuzimulia rangi kutwa nzima. Tukiwaongezea na mvinyo watapaka rangi vioo vya madirisha." Watu wakacheka tena, nami nikapumua. "Maboksi ya aina mbili, basi. La chupa na la asali. Tatizo, nani anajua nani hanywi?"

"Mimi," nikasema.

Nilikuwa najua kweli. Nina kadi za wateja wote, nazitunza ndani ya kopo tupu la rangi nililoliosha mwenyewe. Kila mteja ana kadi yake: duka lake, rangi anazopenda, watoto wangapi, kama ameoa. Siku ile ile nikapitia kadi zote. Ya mteja asiyestahili chupa nilikunja kona ya juu kulia, kwa rula, kona ikalala kama sikio la mbwa. Zilikuwa kadi kumi na moja. Kona iliyokunjwa, asali. Kona iliyonyooka, chupa.

Sikuandika sababu. Mwingine dini yake, mwingine presha yake, mwingine hapendi tu. Nilitaka iwe hivyo. Kwa sababu katika zile kumi na moja, moja ilikuwa ya Mzee Ngazi, na sababu yake niliijua mimi peke yangu.

Mzee Ngazi ni mkandarasi wa kupaka rangi majengo. Jina hilo amelipata kwa sababu gari lake haliendi popote bila ngazi tatu juu ya paa. Ndiye mteja wetu mkubwa. Siku moja alifika mezani kwangu kuchukua risiti, nikamkaribisha soda, akaisukuma chupa kwa mkono kabla hajaitazama. Halafu akaona aibu.

"Nisamehe, binti. Nikiona chupa yoyote mkono unakataa wenyewe."

"Hakuna shida, mzee wangu."

Hakuondoka. Akakunja risiti mara nne.

"Mwaka mmoja na miezi minane," akasema. "Sijaonja hata tone. Mke wangu alikuwa ameondoka na watoto. Wamerudi. Hakuna anayejua hapa mjini, maana wakijua watanipima kila siku kama mgonjwa. Sijui kwa nini nakwambia wewe."

"Litaishia hapa hapa mezani," nikamwambia. "Nakuapia kwa mwanangu."

Niliapa kwa Kidoti. Mnisikie vizuri hapo.

Sasa naungama. Nilimwambia mtu mmoja. Mmoja tu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi baada ya kikao. Mume wangu ni fundi rangi, na kwa kuwa kazi zimekuwa haba alikuwa anapaka upya mlango wa chumba cha Kidoti, njano, rangi aliyoichagua mwenyewe binti yetu. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nikimshikia kopo. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimesema jambo kikaoni na limekubaliwa! Nikamsimulia yote, wifi alivyoniita mhubiri, Bosi alivyonitazama, kona za kadi nilivyozikunja. Akacheka pale pa kucheka.

"Lakini ulikuwa unamsema nani kweli?" akauliza, brashi ikienda juu na chini.

"Baba Kidoti, hilo siwezi."

"Hata mimi?"

Hayo maneno mawili. Wanawake wenzangu mnajua uzito wake.

"Mzee Ngazi," nikasema. "Ameacha. Usimwambie mtu."

Brashi ikasimama.

"Mzee Ngazi ameacha pombe?"

"Kabisa. Mwaka na miezi minane. Ndiyo sababu mkewe amerudi."

"Nimwambie nani mimi," akasema.

Akaendelea kupaka. Ila nakumbuka alipaka kipande kile kile mara tatu, na yeye si fundi wa kurudia.

Mume wangu aliwahi kufanya kazi kwa Mzee Ngazi. Aliniambia waliachana kwa sababu kazi ziliisha. Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Siku iliyofuata, Jumapili, nilifungua kopo la kadi nililolileta nyumbani kutoka ofisini. Nilitaka kila boksi liwe na salamu ya mkono wangu, si karatasi ya mashine. Nikaandika tangu asubuhi, Kidoti akilamba bahasha hadi ulimi ukakauka. Mchana baba yake akaja akanishika bega.

"Mama Kidoti, umeinama mpaka umekuwa kama alama ya kuuliza. Nenda ukalale kidogo na mtoto. Mezani nitaangalia mimi."

Nikalala. Nilipoamka nilisikia harufu ya pasi. Nikatoka, nikamkuta amevaa shati lililonyooka kama la mwalimu mkuu. Tangu anioe hakuwahi kupiga pasi nguo yake mwenyewe, hata leso.

"Leo jua limetokea wapi?" nikamtania.

"Nami nijifunze," akasema, akatazama chini.

Nilimsifu hadi akaona haya. Jioni nikamsimulia jirani yangu kwenye kamba ya nguo. "Wangu amepiga pasi!" Jirani akasema huo ni upendo au ni homa.

Jumatatu asubuhi wifi akafunga maboksi ghalani kwa kufuata kona za kadi, yakapelekwa siku hiyo hiyo.

Jumanne, kabla sijafungua hata daftari, mwanamke aliingia ofisini. Kitambaa kichwani, uso mkavu, viatu vya nyumbani mguuni. Akaweka juu ya meza kadi ya salamu.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi wewe ndiye niliyemfuata." Akakaa. "Mimi ni mke wa Mzee Ngazi."

Nikatabasamu. Nilidhani amekuja kushukuru asali.

"Mliona hafai kupewa kitu kingine?" akauliza polepole. "Sabuni? Taulo? Mlikosa hata kalenda?"

"Mama, sijaelewa."

"Chupa, mwanangu. Chupa ya mvinyo mwekundu, na juu yake salamu yako: *Furahi na wapendwa wako.*"

Nilihisi meza inasogea.

"Haiwezekani. Yeye ni wa asali. Mama, nimeandika... nimekunja mwenyewe!"

"Umekunja nini?"

Sikuweza kumweleza. Nikamuuliza kitu kimoja tu, na sauti haikutoka vizuri. "Ameifungua?"

"Bado. Ameiweka mezani sebuleni tangu jana saa kumi. Amekaa mbele yake kama mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa. Nikitaka kuimwaga ananizuia. Anasema, 'Ukiimwaga wewe, nitakuwa nimeacha kwa mikono yako.' Kazini hajaenda. Mafundi wanapiga simu, hapokei."

Kisha akasema lile lililonikata.

"Unajua alisema nini alipousoma mwandiko? Alisema, 'Huyu binti nilimwambia.' Hakukasirika. Afadhali angekasirika."

Nikaanza kulia kama mtoto. Nikasema nitakwenda sasa hivi, nitampigia magoti.

"Usije. Akikuona atazidi kuona aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa inamnywesha zamani." Akasimama. "Mimi nilishaondoka mara moja na mabegi na watoto. Nikiondoka tena sirudi, na yeye anajua. Nipe namba yako. Ikihitajika nitakupigia."

Nikampa. Alipotoka sikumsindikiza hata mlangoni. Nilikuwa tayari nimeshuka ghalani.

Wifi alikuwa amekaa juu ya makopo ya rangi nyeupe, anakagua orodha na kutafuna kalamu.

"Wifi, umenifanyia nini?"

"Salamu kwanza. Nimekufanyia nini?"

"Ulishindwa kikaoni ukaona unikomoe! Mzee Ngazi amepelekewa chupa!"

"Ndiyo amepelekewa. Na mbona atafurahi, yule si ndiye alikuwa anatumalizia vinywaji kwenye sherehe zetu?"

"Kadi yake ilikuwa na kona!"

"Haikuwa nayo."

"Nilikunja kwa rula!"

"Mama Kidoti, usinipigie kelele mbele ya vibarua. Kumi nilizokuta zimekunjwa, kumi nimefunga asali. Hesabu mwenyewe."

Kumi. Akavuta kopo langu la kadi, akaichomoa ya Mzee Ngazi, akanipa kwa ncha za vidole kama mtu anayekabidhi panya aliyekufa.

Kona ilikuwa imenyooka.

Nikaipeleka dirishani. Mstari wa mkunjo ulikuwepo, mwembamba, lakini ulikuwa umelazwa vizuri, karatasi inang'aa. Na pembeni ya mkunjo palikuwa na alama ya rangi ya chai, imechongoka.

"Umeinyoosha wewe," nikasema, ingawa moyo ulikuwa umeshaanza kujua.

Wifi akaja kutazama. Akapitisha kidole.

"Hii ni ncha ya pasi, wifi. Mimi nina pasi hapa ghalani?"

Nikaigeuza kadi nyuma na mbele.

"Kadi zililala wapi Jumapili?"

Niliona shati lile. Nilijiona kwenye kamba ya nguo nikimwambia jirani, *wangu amepiga pasi*, meno yote nje. Shati lilikuwa la kusingizia tu. Alichotaka kunyoosha kilikuwa ndani ya kopo langu.

Wifi akarudi akakaa juu ya makopo, sasa akionekana mtu mzima ghafla.

"Mjinga huyu," akasema. "Mdogo wangu huyu ni mjinga."

"Kwa nini afanye hivi? Mzee Ngazi amemkosea nini?"

"Hakukwambia kwa nini waliachana?"

"Kazi ziliisha."

"Kazi ziliisha!" Akacheka bila kufurahi. "Alifukuzwa. Alipaka rangi ukuta wenye ukungu bila kuukwangua, tena si mmoja, jengo zima. Alikuwa amezoea kufanya hivyo miaka na miaka na mzee anapitisha tu. Siku hiyo mzee akaja, akapitisha kiganja ukutani, akamwambia mbele ya mafundi wote, 'Zamani nilikuwa sioni. Sasa naona.' Akamwambia ashuke ngazini. Mimi sikuelewa hayo maneno yalikuwa na maana gani."

Mimi nilielewa. Mzee alipokuwa analewa, mume wangu alikuwa fundi hodari. Mzee alipoacha, mume wangu akaonekana. Na mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimemshikia kopo la rangi ya mlango wa mtoto, ndiye niliyemwambia kilichokuwa kimembadilisha mzee.

"Nakwenda kwa Bosi," nikasema.

Wifi akanishika mkono. Si kwa nguvu. Kwa upole, na ndio ulioniumiza zaidi.

"Sikiliza. Bosi akijua kadi za wateja zinalala nyumbani kwako na mumeo anazichezea, unaondoka leo. Na jina la mdogo wangu litatembea kwa kila mkandarasi. Ni baba wa mtoto wako yule. Tutasema ulisahau kukunja. Binadamu husahau."

"Tutasema?"

Akatazama orodha yake.

"Utasema," akasema.

Huyu ndiye aliyenipeleka darasa la jioni kwa mkono wake. Ndiye aliyeninunulia rula ile! Nilidhani nina dada. Kumbe nilikuwa na dada wa mume wangu.

Nikautoa mkono wangu, nikabeba pochi na ile kadi, nikatoka. Sikuaga. Ilikuwa saa sita mchana na jua limesimama utosini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka nimkute, nimwonyeshe kadi, nimwulize kitu kimoja tu: wakati anainyoosha ile kona, mimi na mwanawe tukiwa tumelala chumba cha pili, alifikiria nini? Na nitawaambia ukweli, maana nimeapa kuwaambia: sehemu ya moyo wangu ilikuwa bado inatafuta jibu litakaloniruhusu kumsamehe.

Nyumba ilikuwa wazi. Kidoti alikuwa kwa jirani, nilisikia anaimba upande wa pili wa ukuta.

"Baba Kidoti!"

Kimya.

Shati la Jumapili halikuwepo kwenye msumari. Mlango wa njano ulikuwa umekauka, na kwa mara ya kwanza niliupitishia kiganja. Ulikuwa na magamba chini ya rangi. Hakuwa ameupiga msasa hata wa mtoto wake.

Nikaenda kunywa maji. Kabati la vyombo lilikuwa limeachwa nusu wazi. Ndani kuna glasi sita tulizopewa siku ya harusi, hatuzitumii, tunazifuta vumbi tu na kuzirudisha.

Zilikuwa nne.

Nikazitazama. Nikafikiri labda imevunjika moja. Labda mbili. Nikainama kutafuta vipande.

Simu ikalia nikiwa nimeinama hivyo hivyo.

"Mama Kidoti?" Alikuwa mke wa Mzee Ngazi. Sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko asubuhi, ya mtu aliyepata nafuu kidogo. "Nimepiga kukushukuru. Nilikuwa mkali kwako, unisamehe. Yule uliyemtuma amefika."

"Nimemtuma nani, mama?"

"Mumeo. Kijana mpole, shati safi. Amesema umemtuma aje amwombe mzee radhi kwa niaba yako. Mzee amekubali kumwona, mtu wa kwanza tangu jana. Wako sebuleni. Ameniomba niwaache wawili waongee kiume."

Nilitaka kusema mtoe. Nikainuka kwa ghafla, kichwa kikagonga kabati.

"Hallo? Unanisikia?" Akashusha sauti. "Ila mwanangu, kuna kitu kimoja sijakielewa, ndiyo maana nimepiga. Mtu anayekuja kuomba radhi, anabeba glasi za nini?"

Na kabla sijajibu, nyuma ya sauti yake, nikasikia ufunguo ukizungushwa mlangoni mwa sebule. Kwa ndani.